Kigelegele cha Sita

Mimi niliishia darasa la saba, lakini siku Nthiwa alipokwama mbele ya maprofesa, aliokolewa na watu wa ploti yangu.

Huyu Nthiwa anafundisha fizikia sekondari huko Loresho, na amepanga chumba kwangu Kangemi mwaka wa tisa sasa. Miaka hiyo yote alikuwa akitafuta udaktari wa chuo kikuu, juu ya nguvu ya uvutano na vitu vidogo kuliko vumbi. Jioni tukianua nguo ananieleza: "Mama Muigai, masharti ni mawili. Hesabu isinilipukie ikakosa mwisho. Halafu, nikijumlisha uwezekano wa kila jambo, nipate moja kamili. Nikitimiza hili, lile linaharibika."

"Hilo ni blanketi fupi," nikamwambia. "Funika kichwa, miguu nje."

Akaandika kwenye daftari. Mimi sijisifu.

Walimu wake walikuwa wamemrudisha mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho, akianguka, basi. Nikasema haendi mjini peke yake kama yatima. Nikachukua Waringa na Njambi wa hapa plotini, wenzangu wa kanisani, tukakaa nyuma ya ukumbi na vilemba vyetu vya Jumapili.

Akaongea saa nzima juu ya kitabu chake cha utafiti. Kisha profesa mmoja, mkavu kama dagaa wa omena, akauliza: "Bwana Nthiwa, hapa jumla yako imezidi moja. Nieleze ubaya wake kwa lugha ya kawaida."

Nthiwa akaweka chaki mezani. Jasho likamtoka. Sisi tukajua amemaliza. Tukapiga vigelegele vitano, vya kupokea mtoto wa kiume, kama desturi yetu inavyotaka. Njambi, shosho mzee ambaye masikio yake yalistaafu zamani, akaongeza cha sita.

Waringa akamfinya. "Wewe! Vitatu ni msichana, vitano ni mvulana. Sita umezaa nini?"

Nthiwa akaruka. "Hapo hapo, Profesa! Cha sita ni cha mtoto ambaye hayuko! Nikiituliza hesabu isilipuke, inanipigia cha sita. Kitabu changu hakisemi nimeponya ugonjwa. Kinaonyesha ni wapi hasa cha sita kinapoingilia."

Yule omena akacheka mpaka akavua miwani.

Tukatolewa nje tungoje. Nthiwa alipotoka alikuwa daktari. Tukampigia vitano pale koridoni, mkono wangu ukiwa umeziba mdomo wa Njambi.

"Shosho Njambi," Nthiwa akasema, "na kile chako?"

Nikamwachilia. Akakipiga mpaka askari wa geti akaja mbio.