Mtu wa Kukupokea Jangwani

Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka kichwani, ingawa haina uhusiano wowote na jangwa wala na ndege. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, nikapanda boti ya mizigo hapa bandari ya Kibirizi kwenda kijiji kimoja cha kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi, kutafuta mawese. Wakati wa kushuka, ndala yangu moja ikachukuliwa na maji. Nikapanda ufukweni mguu mmoja peku, najiona mfanyabiashara. Bibi mmoja alikuwa anaanika dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Umefikia kwa nani?"

"Nimefika tu, bibi."

"Ng'ombe ndiye anafika tu," akasema, wala hakuinua kichwa. "Mtu anafikia kwa mtu."

Hakuna aliyekubali kuniuzia hata chupa moja mpaka nilipompata mzee aliyemjua marehemu babu yangu, akazunguka nami akisema, "Huyu mgeni wangu." Basi, milango ikafunguka. Mawese yenyewe yalikuwa mabaya, lakini hilo tuliache.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya mpwa wangu Rama, mtoto wa dada yangu Mwamvua, pale Buzebazeba. Baba yake, shemeji yangu Juma, alikuwa dereva. Alikwenda kuendesha malori ya wachimba visima kwenye nchi moja ya jangwa, mbali, jina lake ulimi wangu hauliwezi. Akaugua hukohuko, akafa, akazikwa siku ileile kama dini yetu inavyotaka. Aliyemwosha na kumzika ni mwenzake wa kazi, Saidi, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ambaye ameoa huko na kukaa. Ndiye aliyetupigia simu. Rama aliishika ile simu kwa uchungu, akamwambia Saidi kwamba amemfukia baba yake kama mzoga, bila kuwauliza wenye maiti. Mengine siyaandiki. Hawakusemezana tena.

Miaka ikapita, dada yangu akaanza kuishiwa nguvu. Alitaka kitu kimoja tu: mtoto wake asimame kwenye lile kaburi, asome Yasini, arudi amwambie liko wapi na limekaaje. Rama akakubali. Akapata pasipoti, akachanjwa, akanunua begi la magurudumu. Nikamuuliza magurudumu kwenye mchanga ni ya nini, akasema mimi mambo ya kisasa siyajui. Kweli siyajui. Mama yake naye akamfungia dagaa wa chumvi. Nikasema, jamani, mtu anakwenda kwenye kiu, nyie mnampa chumvi? Tukacheka wote, hata mgonjwa.

Kisha viza ikakwama. Nchi ile haimpi mtu viza mpaka mkazi wa huko aandike kwamba anamwalika, na siku ya kufika aje mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege. Rama akaja barazani kwangu Ujiji, amevimba.

"Nchi gani hii, mjomba? Mtu mzima unaulizwa unafikia kwa nani."

"Kwani sisi hatuulizi?"

"Sisi tuko kwetu."

"Na wao wako kwao. Mpigie Saidi."

"Yule si ndugu yangu."

"Aliyemwosha baba yako si ndugu yako? Basi nifundishe ndugu ni nani, mimi shule sikukaa."

Akachezea kamba za viatu. "Atanikatalia."

"Akukatalie, tujue."

Nasaha yangu niitoe hapahapa, mwanangu, maana kilichobaki ni kifupi na nikikifikia sitakuwa na la kuongeza. Ukipanga safari ya mbali, usianze na begi. Anza na mtu. Jiulize kule uendako nani atasema huyu ni mgeni wangu. Kama uliwahi kumuumiza, mtafute leo, wakati huna shida naye, kwa sababu kuomba radhi siku unayohitaji kitu ni kazi nzito, hata wewe mwenyewe unajisikia mwongo. Begi utalipata sokoni Gungu siku yoyote. Mungu akupe watu wema kila utakaposhuka, akulainishie ulimi mbele yao, na akurudishe salama kwa waliokuzaa. Amina.

Basi, Rama akabonyeza namba, akafungua spika. Ikaita sana. Kisha ikapokewa, sauti ya Uvira ileile, imezeeka kidogo.

"Rama? Ni wewe? Mama hajambo?"

Rama akanigeukia. Mimi nikamwitikia Saidi salamu, nikamweleza kijana anataka kuja kumzuru baba yake.

"Aje," akasema. "Kaburi lipo, nimelizungushia mawe mchanga usilimeze. Kila Ijumaa napita. Na yale maneno, Rama, mimi yaliniisha siku ileile. Nitumie jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Karibu kwangu, baba."

Rama aliitazama simu. "Bora angenitukana, mjomba," akaninong'oneza. Akailaza taratibu kwenye mkeka, karibu na goti langu, akainuka. Nilidhani anakwenda kujifuta machozi, wanaume wengine hawapendi kuonekana. Saidi akawa anaita, "Haloo? Rama?" Kijana akashuka ngazi, akashika njia ya kutoka mjini, ya kwenda Mwandiga, wala hakutazama nyuma. Hakurudi tena, si kwangu, si kwa mama yake, na kwa Saidi hakufika.