Muongeleshe Asilale

Nikisikia harufu ya dagaa juani, situlii.

Siku ile mama alikuwa anaanika dagaa kwenye mawe ya ziwani, akateleza, akaangukia kipande cha bati kikamchana paja. Damu ilitiririka kwenye jiwe la moto. Jirani yetu alivua khanga ya mabegani, akaiweka miguu ya mama juu ya gunia, akaikandamiza khanga kwenye jeraha kwa mikono miwili.

Nilileta kikombe cha maji.

“Asinywe kitu,” jirani akasema. “Wewe muongeleshe, asilale mpaka gari lije.”

Midomo ya mama ilikuwa imepauka. Niliuliza lililonijia.

“Mama, leo tunakula nini?”

“Dagaa.”

Nikauliza tena. “Dagaa,” akajibu kwa sauti ndogo zaidi. Nilitazama barabarani, pikapu ya kiwanda cha samaki tuliyoagiza ije kumchukua haionekani. Nikauliza, nikauliza, hadi akafumbua macho kwa hasira.

“Si nimeshakwambia.”

Jirani hakuiachia khanga. “Maadamu anagomba, yupo.”

Leo mama amesinzia kitini uani, na kwa jirani wameanika dagaa. Nasimama, nakaa, nasimama tena, namtazama kifua.

“Mama, leo tunakula nini?”

Hafumbui macho.

“Si nimeshakwambia.”