Tai Aliyepanda Bodaboda Ndani ya Chungu

Nimebeba abiria wengi kwenye mtumbwi wangu. Nimebeba bibi harusi, nimebeba mbuzi waliotapika, nimebeba katekista mnene mpaka ziwa likapanda likalowanisha nyumba za Malawi ng'ambo. Lakini abiria aliyenihangaisha kuliko wote alikuwa tai, na alisafiri ndani ya chungu.

Sisi wa Ikombe hatuna barabara. Nyuma yetu mlima umesimama wima, mbele ziwa. Wanawake wanafinyanga vyungu, wanaume tunavipakia mtumbwini kupeleka sokoni Matema. Siku ambazo hakuna vyungu mimi navua, na uvivu wangu wa kuvua ndio ulioleta haya yote.

Nilikuwa na mshipi mrefu wa ndoano nyingi, nimeufunga kati ya mawe mawili karibu na nyumbani. Ulishachakaa. Kila siku mke wangu ananiambia, "Baba, toa ule mshipi, utakuja kunasa mtoto wa mtu." Na mimi kila siku nasema kesho. Kesho hiyo ilishatimiza miezi mitatu.

Asubuhi moja nikasikia vurugu kule majini. Nikakuta tai wa ziwani, yule wa kichwa cheupe ambaye akilia mlima unaitikia. Alikuwa amemwona samaki kwenye ndoano yangu, akashuka kumchukua, akanaswa yeye. Katika kujitupatupa kwenye mawe, bawa la kushoto likavunjika. Ukubwa wake usiniulize. Kivuli chake kilifunika shamba la muhogo, na kila ukucha ulikuwa kama ndizi. Mke wangu anasema ulikuwa kama kidole chake cha mwisho, lakini mke wangu hana macho mazuri.

Nikamrushia kanga kichwani, nikakata mshipi, nikambeba. Alinichana mkono hapa. Kovu lenyewe nikilionyesha kanisani watu wanadhani ni mamba, na mimi siwasahihishi.

Sasa, tai hawa wanakaa wawili wawili, dume na jike. Yule mwenzake akaja akatua kwenye mti nyuma ya kichanja changu cha kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, akaanza kulia. Alilia mpaka chai ikapoa. Mke wangu akanitazama.

"Unaitwa wewe," akasema. "Mwenye mshipi ni wewe."

Maisha yangu yote nacheka, lakini siku ile sikucheka. Nikajiapiza kwamba huyu ndege nitamrudisha hewani, hata kama ni kwa kumsukuma.

Kwetu mtu akivunjika, kabla ya hospitali anapelekwa kwa shangazi yangu. Shangazi anaunga mifupa. Ameunga watu walioanguka kwenye michikichi, ameunga ng'ombe, ameunga hata mguu wa kiti cha mchungaji, na kile kiti kinakaliwa mpaka leo. Akapapasa lile bawa, huku tai amefunikwa kichwa, akasema, "Mkono umevunjika hapa."

"Shangazi, hilo ni bawa."

"Wewe mtoto, umeniita kunifundisha, au umeniita niunge?"

Nikarudi kumshika tai miguu kama mtoto aliyetumwa, na mvi zangu zote hizi. Akachonga vijiti vya mianzi, akalinyoosha bawa lote kama anavyonyoosha mkono wa mtu, akalifunga kwa kamba za mgomba kuanzia begani mpaka nchani. Kazi safi kabisa. Tatizo tai wetu sasa alikuwa mpana kama mlango.

Mwenyekiti wa kijiji akawapigia simu watu wa maliasili. Wakasema tusimlishe kitu, tumweke gizani, tumpeleke kwa mama mmoja, daktari mstaafu wa mifugo, anakaa juu kule njia ya Tukuyu, ana kibali cha kutunza ndege na wanyama walioumia.

Giza la mchana utalitoa wapi? Mke wangu akageuka taratibu akakitazama chungu chake kikubwa cha mdomo mpana, kilichotoka kuchomwa juzi, kimechorwa vizuri shingoni, kinangoja siku ya soko. Akaguna.

"Akikinyea, utakiosha wewe."

Tukatandika ndani nyasi kavu zile za kupakilia vyungu, tukamshusha tai, mkia ukitangulia. Mwili ukaingia wote. Bawa likabaki nje. Tukamfunika kanga, nikapiga kasia. Yule mwenzake alitufuata kwa juu akilia, na tulipokaribia Matema akageuka. Sikutaka kuinua macho kumwangalia.

Dereva wa bodaboda alikizunguka kile chungu mara mbili.

"Mzee, chungu chako kina mkono."

"Ni mgonjwa huyo."

"Anaumwa nini?"

"Uvivu wangu."

Akacheka, akawasha pikipiki. Nikapanda nyuma nimekikumbatia chungu, bawa limenyooka pembeni kama mtu anayesimamisha gari. Kufika Ipinda, malori mawili na gari la wagonjwa yalikuwa yameshasimama kutuuliza tunaelekea wapi.

Mama daktari alipomwona alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akashika bawa, kicheko kikakatika.

"Nani amemfunga hivi?"

"Shangazi yangu."

"Baba, bawa halifungwi likiwa wazi. Linakunjwa, linabanwa ubavuni, kama anavyolikunja mwenyewe akitulia. Likikaukia hivi, huyu hataruka tena."

Nakwambia nilisikia baridi, na lile lilikuwa jua la saa nane. Akakata kamba moja moja, akatoa vijiti, akapapasa mfupa huku amefumba macho.

"Lakini huyu shangazi yako ana vidole," akasema. "Mfupa wenyewe ameunyoosha, umekutana vizuri. Wewe umemwahisha tu kabla haujashika vibaya."

Akalikunja bawa, akalizungushia bendeji, akatoa na ndoano iliyobaki kwenye mguu.

"Ataruka?" nikauliza.

"Sijui. Niachie kwanza."

Nikarudi na chungu kitupu. Nilikiosha mwenyewe.

Yule mwenzake alikuwa analia kila asubuhi kwenye mti uleule. Nikachukua mtumbwi, nikatoa mshipi wangu. Halafu nikatoa mishipi chakavu ya jirani, nikamaliza ufuko mzima. Watu wakanicheka, wakasema sasa nafagia ziwa. Shangazi naye kila tukikutana anauliza, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Nikamwambia daktari amevisifia vidole vyake. Yale maneno mengine yalinidondoka njiani, ile barabara ina mashimo.

Mvua zikaja, zikapungua. Siku moja simu ikaita. "Njoo," mama daktari akasema. "Amevuka banda langu lote kwa kuruka, akaenda na akarudi."

Nikaenda na chungu kilekile. Safari hii bawa lilikaa ndani, na njia nzima hakuna gari hata moja lililosimama kutuuliza.

Tulimtoa asubuhi, pale pale kwenye mawe. Kijiji kizima kilikuja, na waliokufa zamani nadhani niliwaona wawili watatu. Shangazi aliletewa kiti. Nikalaza chungu, nikatoa kanga. Tai akatoka anatembea, kama mkaguzi aliyekuja kukagua mawe yetu. Akasimama. Haruki.

Kwenye mti nyuma ya kichanja changu, mwenzake akalia.

Akajirusha. Akashuka moja kwa moja kuelekea majini, mimi nikajifunika uso kwa kanga yenye nyasi. Nilipofungua alikuwa ameshapanda juu ya maji, ameinama kidogo kushoto kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja, lakini anapanda. Akazunguka, akautafuta ule mti, akatua kwenye tawi. Wakalia wote wawili, na mlima ukaitikia.

Shangazi alikuwa amekinga jua kwa kiganja, anamwangalia.

"Mkono umeshika," akasema.

"Umeshika, shangazi," nikasema.