Nyama Ambayo Baba Kendi Hakuila

Mjomba wangu Muthamia humsalimu Mungu kwa mwili mzima. Wengine kwetu Githongo humsalimu kwa mdomo, wengine kwa spika iliyofungwa juu ya paa la kanisa hadi kuku wa jirani wanasahau kutaga. Yeye hutoka nje kabla jua halijachomoza, anatandika gunia la kahawa juu ya nyasi, anaupa Mlima Kenya mgongo na kuelekea kule jua litakakotokea. Kisha anaanza.

Anaunganisha viganja kifuani. Anainua mikono mpaka mgongo unapinda nyuma. Anainama mpaka vidole vinagusa umande. Anarudisha mguu mmoja nyuma, halafu wa pili, anashuka polepole mpaka kifua na paji la uso vinalala chini, anainua kichwa, anasukuma kiuno juu, anarudi alikotoka. Kila mkao una jina lake la jua, naye hulitamka kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni aliye karibu sana. Om Mitraya Namah. Nakuinamia, wewe uliye rafiki wa wote.

Nimewahi kuona watu wa Nairobi wakifanya mikao hiyohiyo kwenye ukumbi wenye vioo pande zote, muziki ukicheza, kila mmoja akijipiga picha. Siwachukii. Lakini niliporudi nyumbani nikamtazama mjomba kwenye gunia lake, na mvuke ukipanda kutoka mgongoni mwake kwa sababu ya baridi, nilijua kwamba wale walichukua mwili wa ibada na kuuacha moyo wake barabarani.

Mjomba hakuzaliwa hivyo. Alikuwa dereva wa lori la mbao na mabati la duka moja la vifaa vya ujenzi kule Makutano, mjini Meru. Alipenda nyama ya mbuzi na alipenda kelele. Kisha mgongo ukamkamata. Kuna asubuhi alishindwa kushuka kutoka kwenye lori, akabaki ameshikilia usukani, machozi yakimtoka. Baba wa mwenye duka, Mzee Jayant, Mhindu aliyezaliwa papo hapo Meru na kukijua Kimeru kuliko sisi vijana, alimsaidia kushuka, akamlaza kwenye stoo na kumfundisha kuvuta pumzi. Mgongo ulipolegea akamfundisha kuinama. Baada ya miezi kadhaa mjomba akapona, akamwambia, "Mzee, asante. Sasa niko sawa, naweza kuacha."

Mzee Jayant akacheka. "Unaacha nini? Hujaanza. Ulikuwa unanyoosha mgongo tu. Yoga ni kufunga pamoja, kama vile unafunga ng'ombe wawili na nira moja. Wewe na Yeye. Sasa mgongo umenyamaza, unaweza kumsikia."

Neno hilo lilimwingia mjomba, likamgeuza. Mzee Jayant alimwonyesha sanamu ndogo ya Krishna yenye filimbi, na jinsi wanavyoiamsha asubuhi, wanavyoiwashia taa ya samli, wanavyoipa chakula kabla ya mtu yeyote wa nyumba kula. Si kwa sababu Mungu ana njaa, alimweleza, bali kwa sababu mpenzi hali kabla ya mpenzi wake. Mzee Jayant alipofariki, familia ilimpa mjomba sanamu ile na uzi wa shanga za mtulasi, mmea mtakatifu kwao. Akavileta Githongo akaviweka kwenye pembe ya ghala letu la kahawa, juu ya sanduku lililofunikwa kitambaa cheupe. Tangu siku hiyo hali nyama, hali mayai, hatafuni miraa. Akitembea, vidole vyake huhesabu shanga mfukoni, na jina la Mungu halimtoki.

Watu walisema walivyosema. Kaburu, kaka yake mkubwa anayeishi ng'ambo ya ua, humwita Sungura. "Sungura ameamka?" huuliza kila asubuhi. "Amekula majani?" Mke wa mjomba, Regina, ambaye ni kiongozi wa akina mama kanisani, alilia mwaka mzima, kisha akachoka kulia, kisha akaanza kumwashia moto wa uji mapema ili asiombe na baridi tumboni. Jumapili mjomba huenda naye kanisani, akakaa kiti cha nyuma, akafumba macho. Mchungaji hajui la kumfanya, maana hakuna anayekaa kimya kama yeye.

Mwaka huu binti yake, Kendi, mwalimu wa chekechea huko Kaaga, alipata mchumba kutoka Embu, kijana mpole aitwaye Nyamu. Ikapangwa siku ya wageni kuja kwa sherehe ya mahari. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ya kondoo.

Katika ukoo wetu fungu la kwanza la kondoo dume wa mahari, kifua chake, huliwa na baba wa msichana mbele ya watu wote. Akilila, amemtoa binti yake kwa mkono wake. Asipolila, kaka yake anaweza kulila badala yake na ndoa ikasimama, lakini kuanzia hapo kaka huyo ndiye anayehesabiwa baba. Ndiye atakayewasindikiza wakwe langoni, na wageni hawaondoki bila baba kuwafungulia lango. Ndiye atakayealikwa mjukuu akizaliwa.

Regina alimwambia mjomba jikoni nikiwa namenya viazi. "Baba Kendi, kipande kimoja tu. Hata usimeze. Weka mdomoni, utoke nje, mengine utajua mwenyewe."

"Nitakuwa namdanganya nani, Regina?"

"Mungu wako anaelewa. Ama haelewi?"

Mjomba aligusa shanga mfukoni. "Anaelewa," akasema. "Ndiyo maana siwezi."

Mimi damu ilichemka. Nilimwambia mila haikushuka kutoka mbinguni, asimame mbele ya wazee aikatae, mimi ningesimama naye. Alinitazama kwa huruma fulani. "Mutugi, ile mila si mbaya. Inasema baba akitoa mtoto wake, lazima aonje kitu. Tatizo ni langu, si lao." Akarudi kwenye shanga zake.

Siku ikafika, ukungu ukiwa umekaa kwenye miti ya kahawa. Wageni wa Embu waliingia wakiimba, akina mama na mizigo mgongoni, na nyuma yao kondoo dume mkubwa mweupe akivutwa kwa kamba. Kando ya kondoo alitembea mzee mmoja mwenye kanzu na kofia, kisu kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Tulitazamana. Baba wa Nyamu, Mzee Ndambiri, msoma masomo wa kanisa la Anglikana na mtu wa koti zito hata jua likiwaka, alimshika mjomba mkono kwa furaha.

"Muthoni wangu," akasema, kwa maana ndivyo wakwe wanavyoitana, "tulisikia uliingia dini ya Wahindi. Tukasema hatuwezi kukukosea nyumbani kwako. Tumekuja na Mwislamu wetu kutoka Embu mjini, akuchinjie halali kabisa. Kula bila wasiwasi."

Yule mchinjaji akajikuna shingo. "Mimi niliwaambia kwenye gari," akasema taratibu. "Niliwaambia Wahindi ni wa aina nyingi. Wakaniambia nilale."

Kaburu alicheka mpaka akashika nguzo. Mzee Ndambiri alitazama huku na kule, asijue amekosea wapi, na aibu ikaanza kumpanda usoni. Hapo ndipo nilipoona hatari yenyewe. Mtu huyu alikuwa amefikiria, amejinyima, amemtafuta mchinjaji na kumbeba safari nzima, yote kwa heshima. Kumkatalia sasa kulikuwa kama kumtemea mate.

Mjomba aliushika mkono wa Ndambiri kwa mikono yake yote miwili. "Hakuna mtu amewahi kunijali hivyo kwa sababu ya ninavyoomba," akasema. "Karibuni ndani."

Kondoo alichinjwa nyuma ya nyumba ya Kaburu. Kabla ya hapo mjomba alienda peke yake, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akamnong'oneza sikioni. Nilikuwa nimebeba maji, nikasikia ni jina lilelile la kwenye shanga. Mchinjaji alisubiri mpaka amalize, kisha akasema Bismillahi. Kondoo hakupiga kelele.

Nyama ilipoiva, kifua kiliwekwa kwenye sinia mbele ya mjomba. Kendi alikuwa mlangoni, leso imefungwa kichwani, akimtazama baba yake. Regina alikuwa ameinamisha uso.

Mjomba alisimama. "Wakwe zangu, mmeniletea heshima kubwa. Mimi niliahidi kwamba sitakula kitu chenye damu, na ahadi hiyo nilimpa Yule aliyenipa Kendi. Nikiila leo kwa kujifanya, nitamtoa binti yangu kwa uongo. Nikikataa na kung'ang'ania kuitwa baba, nitakuwa nimeunyang'anya ukoo mila yake. Kaburu, kula wewe. Uwe baba yake mbele ya ukoo."

Akalisukuma sinia. Akaunganisha viganja, akamwinamia kaka yake, yule wa kumwita Sungura, akainama hasa, kama anavyoliinamia jua.

Kaburu hakucheka tena. Alikula polepole, macho yakiwa kwenye sinia. Vigelegele vikapigwa, nusu nusu. Ndoa ilikuwa imesimama, na mjomba alikuwa ametoka kwenye kiti cha baba akaenda zake.

Nilimfuata. Sikuwa peke yangu, nyuma yangu nilisikia viatu vizito vya Mzee Ndambiri. Tulimkuta ghalani. Alikuwa amewasha taa ya samli na kijiti cha udi, na harufu ya udi ilikuwa imechanganyika na ya kahawa kavu. Jua halikuwepo, ukungu mtupu mlangoni, lakini alikuwa anasalimu. Suruali yake nzuri ya sherehe iligusa vumbi. Alinyoosha mikono, akainama, akashuka, akalala kifudifudi, na safari hii alikaa chini muda mrefu, mabega yakitikisika. Alikuwa analia na kutaja majina. Rafiki wa wote. Mwangaza. Mlezi. Kisha pumzi ikamwinua, naweza kusema hivyo tu, kwa sababu sikuona misuli ikifanya kazi. Aliposimama, uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipwa kila kitu.

Mimi nimesoma. Nimeandika insha za chuo juu ya dini na jamii. Nilijikuta navua viatu mlangoni.

Mzee Ndambiri alikuwa amevua kofia. Mjomba alipogeuka na kutuona, hakushtuka. Alichukua ndizi iliyopakwa asali mbele ya sanamu, akamkaribisha. Ndambiri akanyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani.

"Muthoni, hii umempa yule kwanza?"

"Ndiyo. Baada ya kupewa inaitwa prasad. Ni neema."

Ndambiri akahema. "Mimi nasoma Neno kila Jumapili. Siwezi."

"Nami leo nimeshindwa na chako," mjomba akasema.

Walitazamana, wazee wawili walioshindwa, na kicheko kikawatoka wote wawili mpaka Ndambiri akakaa juu ya gunia. Akafuta macho kwa kofia. Akaniuliza kama kila siku huwa hivyo. Nikamwambia kila siku. Akatikisa kichwa. "Nimeomba tangu nikiwa mtoto," akasema kwa sauti ya chini, si kwangu. "Sijui kama nimewahi kulala chini hivyo."

Ndizi ile aliila Kendi. Aliingia bila kuita, akapiga magoti karibu na baba yake, akaipokea kwa mikono miwili, akala.

Jioni wageni walijipanga langoni wakiimba wimbo wa kuaga. Kaburu, baba mpya, alikwenda na kushika komeo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mzee Ndambiri akasimama katikati ya njia, koti lake likilowa, na akina mama wote nyuma yake wakasimama.

"Fungua tu, Mzee," Nyamu akamwambia Kaburu kwa unyenyekevu.

"Asifungue," Ndambiri akasema. "Nangoja Baba Kendi."

"Baba ni mimi," Kaburu akasema. "Nyama nimekula mimi."

"Umekula, na ndoa yetu ni halali. Mila imeshiba. Lakini mimi nimeona baba wa huyu msichana akimtoa, kule ghalani. Na sitoki mpaka yeye aje."

Jambo kama hilo halikuwa limewahi kutokea. Manyunyu yakageuka mvua. Hakuna aliyerudi ndani. Mwishowe Kaburu mwenyewe aliachilia komeo, akageuka kuelekea ghala. "Muthamia," akaita. Miaka mingi sikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo. "Njoo uwafungulie watu, wanalowa."

Mjomba alikuja, miguu mitupu, udi ukinuka nguoni. Alifungua lango. Kila aliyepita, mjomba alimuunganishia viganja na kumwinamia, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyosalimiana wale wanaoamini kwamba Mungu amekaa ndani ya kila mtu. Baadhi ya akina mama walitazama kando wakapita haraka. Yule mchinjaji aliweka mkono kifuani akaitikia. Mzee Ndambiri alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yake, akaweka kofia kwapani, akaunganisha mikono yake mikubwa ya mkulima, kwa shida kidogo, kama mtu anayejifunza, akainama mvuani.