Yeyote Mwenye Kiungo

Niliporudi Temeke na kuomba kulala sebuleni kwa mama mdogo, nilikuwa nimetoka kulinda nyumba iliyokuwa ikijengwa Mbweni. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye karakana moja Chang'ombe, na kabla ya karakana sikumbuki vizuri. Shule niliiacha darasa la sita. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha.

Mama mdogo alikuwa na kanda moja ya video, ameificha ndani ya foronya. Ilikuwa ya harusi yake, ila ni siku ya wanawake tu, siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato na wenzake wanacheza vichwa wazi. Mama yake yumo humo. Miezi michache baadaye mama huyo alifariki. Dada yake mama mdogo, yaani mama yetu mkubwa, alikuwa ameshaolewa Maskati, hakuwahi harusi wala mazishi. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alimwambia kama kuna anachotaka kukiona, asichelewe.

"Wewe si unajuaga mambo haya," mama mdogo akaniambia. "Mtie mama mtandaoni, dada amwone. Ila wewe usitazame."

Fundi mmoja wa Kinondoni aliniazima deki na waya wa kuiunganisha na laptop. Nikachomeka kila kitu, nikampa mama mdogo laptop aishike, kisha nikageukia ukuta. Nilikaa hivyo muda wote kanda ilipokuwa ikinakiliwa. Nilisikia vigelegele, sahani, mtoto akilia, halafu sauti ya mwanamke mzima, nzito kidogo, ikisema maneno niliyoyakosa. Chumba kizima cha zamani kikaangua kicheko, na mama mdogo naye akacheka.

Nikamuuliza huyo ni nani. Akasema, "Ndiye bibi yako." Mie bibi nilimjua kwa picha ya kitambulisho tu, mdomo umefungwa kama anangoja kufokea mtu.

"Kasema nini?"

"Hayakuhusu."

Shingo ilinivuta. Sikugeuka, lakini sitasema ilikuwa rahisi.

Nakala niliihamishia kwenye simu yangu ili niipandishe mtandaoni, na simu yenyewe ilikuwa ya Kiswahili. Mama mdogo alisoma pamoja nami, akifuatisha kwa kidole: yeyote mwenye kiungo anaweza kutazama. Nikamweleza kwamba kiungo ni kama njia, ukipewa unafika. Akavua miwani.

"Yeyote ndiye nani?"

Nikasema ni neno tu la mtandao.

"Basi huyo yeyote ndiye tuliyemfungia mlango siku ile."

Nikabadilisha, nikachagua watu maalumu peke yao. Ikatakiwa anwani ya barua pepe ya mama mkubwa. Kumbe aliifungua mwanawe, na barua zote huingia kwenye simu ya huyo kijana. Mama mdogo akatikisa kichwa. Wale wanawake, alisema, walivua mitandio mbele yake kwa kuwa walimwamini, na wengine wameshakufa. Ruhusa akaombe kwa nani? Akaniamuru nifute. Nikafuta kwenye simu na kwenye laptop, na akasimama juu yangu mpaka nikafuta na kwenye kapu la taka.

Siku mbili niliwaza. Milango ya mtandao niliyoijua yote, funguo zake hunakilika. Nilitaka kujua kama kuna namna ya kuonyesha kitu macho mawili tu. Mwishowe nikakumbuka kuwa simu ya video mama mkubwa huipokea mwenyewe, na picha ikishapita imepita.

"Kama kuchungulia dirishani?" mama mdogo akauliza.

"Ndiyo, mama. Na mwenye nyumba yupo."

Siku iliyofuata, alasiri, mama mkubwa akajifungia chumbani kwake huko Maskati. Nikaunganisha deki na televisheni, nikaegemeza simu ya mama mdogo kwenye kopo la sukari, nikatoka kukaa kwenye ngazi chini ya dirisha. Kanda ikaanza. Upande wa Maskati ulikuwa kimya sana, nikadhani bando limekwisha.

Kisha nikamsikia mama mkubwa. "Mbona mama kavaa kanga yangu?"

Mama mdogo akamwambia, "Aliivaa tangu siku ulipoondoka, na mtu akitaka kuiazima alimnyima." Halafu mama mkubwa akasema, "Rudisha."

Mama mdogo akaniuliza kupitia dirishani, kitufe kipi.

"Chenye mishale miwili inayotazama kushoto."

Deki ikanguruma. Bibi akatania tena utani wake, wanawake wakacheka, na nyuma yao, kwa kuchelewa kidogo kwa sababu ya mtandao, kikaja kicheko cha Maskati. Sikuyashika maneno hata safari hii.

"Rudisha tena," mama mkubwa akasema, na mama mdogo hakuniuliza tena kitufe.