Wakili wa Muuzaji

Kwetu Lubumbashi mtu akinunua nyumba huita mashahidi. Wakili hutafutwa na aliyekamatwa. Kwa hiyo nilipowaambia watu wa kanisa letu hapa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwamba natafuta wakili, waliniuliza kwanza nimefanya kosa gani.

Nilikuwa msusi mjini. Wazazi walikwisha kufa, na wadogo zangu watatu walikuwa mikononi mwangu tangu nilipoacha shule darasa la sita. Kule Isipingo tulikopanga chumba, mwenye nyumba alisema tumezidi, wawili watafutiwe pengine. Miaka ile fleti za mjini ziliuzwa kwa haraka na kwa bei ya chini, na akiba yangu ilitosha kununua moja ndogo, ya mama mzee aliyekuwa anahamia Westville kwa binti yake. Fleti hiyo ingetuweka pamoja. Sikutaka kingine. Lakini huku hati ya nyumba haihamishwi bila wakili.

Shemasi wetu, ambaye alikuwa amejiteua kuwa baba mdogo wa yatima, alijitolea kunitafutia wakili. Wa kwanza alimsifia kwa sababu ofisi yake ilikuwa na lifti. Wa pili alikuwa mtu wa kufunga na kuomba. Wa tatu aliwahi kuwapatia watu wetu karatasi za ukimbizi, na aliyeweza kukuingiza nchini, alisema shemasi, atashindwaje kukuingiza kwenye fleti? Tuliwatembelea wote watatu tukiwa na nguo za Jumapili, kama watu waliokwenda kuposa. Huyo wa karatasi alitusikiliza kwa upole, kisha akasema mambo ya nyumba hayajui.

Nikampigia simu mama mzee kumwomba anivumilie mpaka nipate wakili. Alicheka.

"Mwanangu, wakili yupo tayari. Huku kwetu anachaguliwa na muuzaji."

"Na anayemlipa?"

"Wewe."

Shemasi alishika kichwa. "Eish! Bibi arusi wachague wao, mahari utoe wewe?"

Siku ya kutia sahihi alinisindikiza, na njiani akanieleza kwamba hati iandikwe kwa jina lake. Mali ya yatima hushikwa na baba mdogo, alisema, tena mimi nikiolewa kesho fleti itakwenda kwa wakwe. Desturi hiyo niliijua. Baiskeli ya marehemu baba ilishikwa hivyo hivyo na mdogo wake, na tulipoondoka nyumbani alikuwa bado anaishika, kwa mikono yote miwili, akielekea sokoni. Hata hivyo nilikubali. Aliyeishia darasa la sita hambishii mtu anayesoma Biblia kwa Kifaransa.

Wakili alikuwa mtu wa haraka. Alimtazama shemasi, akaniuliza mimi.

"Huyu bwana ni nani kwako?"

"Baba yetu wa kanisani."

"Atakaa humo?"

"Hapana."

"Ametoa pesa?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Mimi ni wakili wa muuzaji, si wako. Lakini nikiandika jina lake, siku atakayowaambia mtoke, mtatoka."

Shemasi akacheka. "Binti, unamsikiliza mtu ambaye hata si wetu?"

Niliwawaza wale wawili ambao wangetafutiwa pengine.

"Andika jina langu," nikamwambia wakili, nikampa kitambulisho changu.

Karatasi zilichukua miezi miwili. Mwenye nyumba wa Isipingo alituvumilia kwa sharti kwamba nimsuke mkewe bure. Tulipohamia, shemasi alikuja kuibariki fleti, akala kuku, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya waumini kushuhudia jinsi Bwana alivyomwongoza kutuchagulia wakili mwaminifu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, nikiwa na wadogo zangu wote watatu kwenye benchi moja.