Jina la Llinos

Idwal Prydderch alipasua mawe ya kuezekea kwa miaka thelathini na tisa, na kila Jumapili mchana, katika chumba cha nyuma cha kanisa, alifundisha watoto maneno ya lugha ya kwao. Alipenda asili ya neno kama wengine wanavyopenda umbea. Warumi, aliwaambia watoto, walikuja na panga zao, wakachoshwa na mvua yetu, wakaenda zao. Wakatuachia ffenestr, yaani dirisha, na pont, yaani daraja. Kwa hiyo hasara ilikuwa yao.

Lakini roho yake ilikuwa kwenye sauti ya lugha hiyo iandikwayo ll. Si L, si S. Unaweka ulimi kama wa kusema L, kisha unapuliza pembeni. Asiyetema mate siku ya kwanza, alidai, hajajifunza kitu.

Mwezi wa Novemba kiharusi kikampinda mdomo. Maneno mengine yalirudi polepole; ll haikurudi. Kwa Idwal hilo lilikuwa pigo, maana mkewe, aliyemzika mwaka juzi, aliitwa Llinos: chiriku, ndege anayekula mbegu za kitani, na kitani chenyewe ndicho llin. Na Jumapili ya Maua ilikuwa inakaribia, siku ambayo kila nyumba huosha makaburi yake na kuyapamba. Hakutaka kusimama pale akiwa hawezi kumwita.

Lowri wa duka la nyama, mwanafunzi wake wa zamani, akawa anakuja kila jioni.

"Tema mate, Mwalimu. Ulituonea sana, sasa zamu yako."

"Nyamaza, mtoto wewe," alisema Idwal, na akatema kweli, mpaka kwenye chai yake.

Wiki tano walipuliza. Upepo ulitoka, sauti haikutoka.

Jumapili ilipofika Lowri alisugua jiwe la kaburi, naye Idwal akapanga maua ya njano kwenye chupa ya jamu. Majirani walikuwa kila mahali. Aliona aibu, lakini akafungua mdomo.

"Linos."

Lowri akainamia ndoo ili asimtazame. Idwal akaduwaa, kisha akacheka, machozi yakimtoka.

"Ndivyo alivyojiita mwenyewe," alisema. "Si alilelewa Liverpool, kwa watu wasio na ll? Alishuka basi hapa ana miaka kumi na tisa, akaniambia yeye ni Linos. Nilimcheka mwezi mzima."

Alikuwa ameisahau sauti hiyo miaka hamsini. Akamwita tena, kwa kosa lile lile, na akamwomba radhi kwa kumcheka.